Je, Wajua? Ini, Usingizi na Mizani ya Damu

Je, wajua kwamba neno nusukaputi lina ujomba na Wajerumani? Nusu ni letu. Kaputi, kwa maelezo yaliyozoeleka, ni lile kaputt lao, yaani kitu kilichokwisha, neno lililobaki Tanganyika baada ya wenyewe kuondoka. Aliyepigwa nusukaputi, basi, amekufa nusu. Huenda ndiyo maana wengi wetu hudhani kazi ya mtaalamu wa usingizi ni kuchoma sindano, kumlaza mgonjwa, kisha kukaa pembeni akimsubiri daktari mpasuaji amalize. Katika upasuaji wa ini dhana hiyo haina mahali pa kusimama. Mpasuaji ameshika kisu, lakini aliyeshika damu ni huyu aliyesimama kichwani mwa mgonjwa, na saa nyingine maisha yote yako mkononi mwake zaidi kuliko kwenye kisu.

Je, wajua kwamba ini ni kiwanda cha kugandisha damu, na papo hapo ni kiwanda cha kuizuia isigande?

Ukijikata kidole ukimenya muhogo, damu hutiririka, huwa nzito, kisha hushika na jeraha likaziba. Kazi hiyo hufanywa na chembe sahani zikisaidiana na protini zaidi ya kumi zinazoelea ndani ya damu, moja ikiiamsha nyingine. Karibu zote hutengenezwa na ini. Protini namba 8 ndiyo iliyojitenga: hiyo hutoka zaidi kwenye utando laini uliotandikwa ndani ya mishipa ya damu. Madaktari huutumia upekee huo. Wakitaka kujua kama damu imeshindwa kuganda kwa sababu ya ini au kwa sababu nyingine, hupima namba 5 na namba 8. Ini likiwa ndilo gonjwa, ya 5 hushuka na ya 8 hubaki juu.

Baadhi ya protini hizo hazikamiliki bila vitamini K. Herufi hiyo haikuangukia hapo kwa bahati. Henrik Dam wa Copenhagen, aliyeona vifaranga wakivuja damu kwa kulishwa chakula kisicho na mafuta, aliitoa kwenye neno Koagulation, yaani kuganda. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy wa Marekani. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini hiyo tele, lakini utumbo hauwezi kuifyonza vizuri bila nyongo. Kwa hiyo mtu ambaye njia yake ya nyongo imeziba anaweza kula mboga za majani kila siku na damu yake ikachelewa kuganda vilevile. Akichomwa sindano ya vitamini K, mambo huanza kurekebika ndani ya saa chache.

Sasa upande wa pili, ambao husahaulika. Ini hilohilo hutengeneza protini C, protini S na antithrombini, ambazo kazi yake ni kuuzuia mgando usivuke mipaka. Lingekuwa halizitengenezi, ule mkato mdogo wa kidole ungeweza kuanzisha bonge litakalofunga mishipa mizima. Tena ini husafisha damu kwa kuondoa kemikali zinazoyeyusha mabonge. Ini likinyauka, sahani zote mbili za mizani hupungua uzito kwa pamoja. Mgonjwa hubaki amesimama katikati, lakini amesimama juu ya kamba.

Je, wajua kwamba mgonjwa wa kwanza duniani kupandikizwa ini alikufa kwa kuvuja damu, na wa pili akafa kwa damu kuganda?

Ilikuwa tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, Marekani. Mbele ya daktari Thomas Starzl alilazwa mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa na njia za nyongo zisizokamilika. Kwa mtoto wa namna hiyo ini hukakamaa. Damu inayotoka matumboni hukosa pa kupita, ikajitafutia vichochoro, na tumbo zima likajaa vijishipa vyembamba vilivyofura. Kufungua tumbo peke yake kulichukua saa kadhaa, maana kila palipoguswa palivuja. Ilifika mahali damu haikushika tena. Mtoto alifia mezani.

Walipojaribu tena, madaktari walikuja na silaha. Walitumia dawa ya kuzuia mabonge yasiyeyuke, wakaongeza na vitu vya kugandisha damu. Mgonjwa wa pili, mwanamume wa miaka 48, alitoka chumba cha upasuaji akiwa hai. Aliishi siku 22. Lakini wakati ini jipya likishonwa, damu yake ilikuwa imepitishwa kando ndani ya mipira ya plastiki. Humo mabonge yalijijenga, yakasafiri hadi mapafuni. Wote wanne waliopasuliwa Denver mwaka ule baada ya mtoto yule walipata madhara hayo ya mapafu. Yaliyowasaidia wasivuje mezani yalichangia kuwaondoa duniani wakiwa wodini.

Starzl alisimamisha kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu. Aliirudia mwaka 1967, na mwezi Julai mtoto wa kike mwenye saratani ya ini akaishi zaidi ya mwaka mmoja kwa ini la mtu mwingine. Kila ninaposoma habari za miaka ile huona kwamba fani nzima ya damu na usingizi katika upasuaji wa ini imo ndani ya vifo viwili vya mwanzo. Yote yaliyogunduliwa baadaye ni jitihada za kupita katikati ya hicho na kile.

Je, wajua kwamba damu inaweza kuchora picha ya mgando wake yenyewe?

Mwaka 1948, Hellmut Hartert wa Heidelberg, Ujerumani, alieleza chombo chake. Ni kikombe kidogo kinachotiwa damu chini ya nusu mililita, chenye joto la mwili. Ndani yake huning'inizwa pini. Kikombe hugeuzwa taratibu, kwenda na kurudi, kwa pembe isiyofika hata digrii 5. Damu ikiwa bado maji, pini hutulia tuli. Nyuzi za mgando zikianza kushika, pini huanza kucheza pamoja na kikombe, na mchezo huo ndio unaochorwa.

Mchoro wa damu nzuri hufanana na mwiko: mpini mwembamba, ule muda ambao hakuna kinachotokea, kisha mistari miwili hupanuka na kubaki imepanuka. Mpini ukiwa mrefu mno, protini za kugandisha ni chache. Mwiko ukiwa mwembamba, chembe sahani au nyuzi hazitoshi. Lakini upo mchoro ambao daktari wa usingizi huuogopa zaidi: mistari hupanuka kidogo, kisha hurudiana na kukutana tena, mfano wa jani la mwembe. Hapo bonge limejengeka na limeyeyuka palepale. Mwenye kuongeza chupa za damu bila kuliona jani hilo anajaza maji kwenye pakacha.

Chombo cha Hartert kilikuwapo Denver mwaka 1963, kikitumiwa na mtaalamu wa damu Kurt von Kaulla. Kilichokifanya kiwe kawaida katika upandikizaji wa ini ni kazi ya Yoo Goo Kang na wenzake mjini Pittsburgh, waliyoichapisha mwaka 1985. Waliwafuatilia wagonjwa 66, wakiitazama michoro na kutoa kile tu kilichopungua. Damu na maji waliyowaongezea vilipungua kwa theluthi moja.

Na je, wajua kwamba katika upandikizaji kuna kipindi ambacho mgonjwa anaishi bila ini kabisa?

La zamani limetolewa, jipya halijaunganishwa. Mara nyingi ni kama saa moja. Mtaalamu wa usingizi huihesabu kwa dakika, kwa sababu kila kitu ambacho ini lilikuwa likikifanya kimya kimya kimesimama. Hakuna kinachotengenezwa. Kemikali za kuyeyusha mabonge hazisafishwi, na jani la mwembe huanza kuonekana. Asidi huongezeka. Mwili hupoa, na damu iliyopoa huganda kwa uvivu, ndiyo maana mgonjwa hulazwa juu ya godoro lenye joto na dripu hupashwa moto.

Kuna mtego mwingine ndani ya chupa ya damu yenyewe. Damu ya benki hutiwa sitrati ili isigande ikiwa imehifadhiwa. Kwa mtu wa kawaida ini huivunja sitrati hiyo, na hakuna anayejua kwamba ilikuwapo. Asiye na ini hubaki nayo, nayo hunasa kalisi ya damu. Bila kalisi damu haigandi, na moyo hulegea. Basi unamwongezea mtu damu ili kumwokoa, na kadiri unavyomwongezea ndivyo presha inavyoanguka, mpaka ukumbuke kumchoma kalisi. Wanaofanya kazi hii huipima mara kwa mara, wala hawangoji dalili.

Halafu inafika ile dakika. Mpasuaji husema kwamba yuko tayari kufungua vibano. Mazungumzo chumbani hukoma. Ini jipya limekaa kwenye barafu kwa saa kadhaa, limelowekwa katika maji maalumu ya kulihifadhi. Aina moja iliyotumika sana, ile iliyotoka Chuo Kikuu cha Wisconsin, ina potasiamu ya kiwango cha 125, wakati damu yetu hubeba kama 4 tu. Ini husuuzwa kwanza, lakini mabaki hayakosi. Kibano kinaachiwa. Ini lililokuwa na rangi ya udongo mkavu linageuka jekundu na kuvimba mbele ya macho. Wakati huohuo damu baridi, yenye asidi na potasiamu, inaelekea moja kwa moja moyoni. Kwenye skrini mawimbi ya moyo hurefuka na kuchongoka, presha ikaporomoka. Kwa wataalamu, presha ikishuka kwa zaidi ya asilimia 30 kwa angalau dakika moja ndani ya dakika 5 za mwanzo, hilo lina jina lake la kitabibu na linahesabiwa kuwa tukio. Mtaalamu wa usingizi ameshazishika sindano zake, kalisi mkono mmoja na adrenalini mkono wa pili, zimevutwa tangu nusu saa iliyopita.

Baada ya hapo kuna furaha ya namna yake: nyongo ya dhahabu ikianza kudondoka, ini limeamka. Sisi tunaosema fulani amemtumbukia nyongo mwenziwe hatujui jinsi nyongo inavyoweza kupendwa.

Je, wajua kwamba ili ini lisivuje sana, daktari wa usingizi humnyima mgonjwa maji?

Hili ni la upasuaji wa kukata kipande cha ini, kwa mfano chenye saratani. Ini hupokea damu kama lita moja na nusu kila dakika, robo ya yote inayosukumwa na moyo. Robo tatu ya hiyo huletwa na mshipa mkubwa utokao matumboni, iliyobaki huja na ateri. James Hogarth Pringle, mpasuaji wa Glasgow, alieleza mwaka 1908 jinsi ya kuifunga njia hiyo: vyote viwili hupita katika ukanda mmoja mwembamba, na unaweza kuubana kwa kidole gumba na cha shahada. Mbinu hiyo ingali ikitumika. Kwa kawaida hubana dakika 15 na kuachia 5.

Lakini Pringle alifunga mlango wa mbele tu. Mishipa inayotoa damu kwenye ini haina vali, kwa hiyo damu iliyojaa kwenye vena kuu hurudi nyuma na kutokea pale panapokatwa. Hapo mpasuaji hana la kufanya. Anayeweza ni mwenye dripu. Mtaalamu wa usingizi huacha mgonjwa akaukiwe kidogo, presha ya vena kuu ikashuka chini ya 5, na ini hulegea kama mfuko uliopunguzwa maji. Wapasuaji wa Australia walioeleza matokeo yao mwaka 1998 walikuta wagonjwa wa presha ya chini wakipoteza kama mililita 200, na wale wa presha ya juu mililita 1,000. Ikishushwa mno, hata hivyo, mshipa uliokatwa unaweza kufyonza hewa, nayo hewa ikifika moyoni ni hatari. Ndiyo maana kazi hii haifanywi na mtu anayesinzia kwenye kiti.

Je, wajua kwamba kile kipimo cha damu kinachotisha ndugu wa mgonjwa kinaeleza nusu tu ya habari?

Kinaitwa INR. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotumia dawa ya warfarini, na hupima upande wa kugandisha peke yake; zile protini za kuzuia mgando hakizioni. Mgonjwa wa ini akipata INR ya 2, karatasi inasema damu yake ni nyepesi, na kwa miaka mingi madaktari waliikimbilia plazma. Waitaliano Armando Tripodi na Pier Mannuccio Mannucci, na Waholanzi Ton Lisman na Robert Porte, ndio waliosisitiza kwamba pande zote mbili zimeshuka pamoja. Wagonjwa haohao wenye INR ya kutisha hupata mabonge kwenye mshipa wa ini.

Plazma yenyewe ina gharama. Ni maji mengi, na maji hujaza mishipa iliyokwisha kufura. Mjini Montreal, Luc Massicotte na timu yake waliamua kuacha kumimina plazma kwa ajili ya kurekebisha namba. Badala yake walimtoa mgonjwa sehemu ya damu yake mwanzoni ili presha ishuke, wakamrudishia baadaye. Karibu wagonjwa 8 kati ya 10 walipandikizwa ini bila chupa hata moja ya damu ya mtu mwingine. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa zaidi katika habari hii yote. Kutotenda, kwa mtu anayejua anachokiacha, ni tiba.

Sasa dawa za usingizi. Halotheni, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1956 na ikakaa miongo mingi katika vyumba vyetu vya upasuaji Afrika Mashariki, huvunjwa na ini kwa kiasi cha asilimia 20 hivi, na kwa wachache sana mabaki yake yaliliua ini lenyewe. Isofleni huvunjwa kwa asilimia 0.2 tu. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo atrakuriamu, iliyobuniwa na John Stenlake na wenzake katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, haihitaji ini wala figo ili iondoke: sehemu yake kubwa hujivunja yenyewe kwa joto la mwili, kama barafu iliyoachwa juani. Kwa mgonjwa asiye na ini hata kidogo, hiyo ni neema.

Je, wajua habari za mama aliyekuwa akienda maabara na mtoto mgongoni?

Utako Okamoto na mumewe Shosuke walifanya utafiti Japani baada ya vita, pesa zikiwa hazipo. Walichagua damu kwa sababu ikipungua wangeweza kutoa yao. Mwaka 1962 walitangaza asidi traneksamiki, dawa inayolizuia bonge lisiyeyuke, yaani dawa ya lile jani la mwembe. Hutumika katika upandikizaji wa ini pale mchoro unapoonyesha haja. Lakini umaarufu wake mkubwa umekuja leba: utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliowahusisha akina mama 20,060 katika nchi 21, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, ulionyesha kwamba mama anayevuja damu baada ya kujifungua akipewa ndani ya saa 3, hatari ya kufa kwa kuvuja hupungua kwa karibu theluthi. Okamoto alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 98, kabla ya kuyasikia matokeo hayo.

Na usije ukadhani ni dawa ya kila damu. Wagonjwa 12,009 waliokuwa wakitapika au kuhara damu walifuatiliwa katika utafiti mwingine, matokeo yakatoka 2020: haikupunguza vifo, na iliongeza mabonge. Mwaka 2024 watafiti wa Kanada na Marekani walieleza habari za watu zaidi ya 1,200 waliokatwa vipande vya ini. Dawa haikupunguza haja ya damu, na matatizo baada ya upasuaji yaliongezeka. Mizani ileile.

Kwetu, ini huumia kwa njia tunazozijua. Homa ya ini B, ambayo ina chanjo. Pombe. Sumukuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, iliyowapata watu 317 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 na kuua 125. Kichocho cha tumbo kando ya Ziwa Victoria, ambacho huziba njia za damu ndani ya ini hata mtu akatapika damu, ingawa chembe za ini lake bado zinafanya kazi. Wengi wa Afrika Mashariki wanaopandikizwa ini hulazimika kusafiri, hasa India, ambako ini hutolewa mara nyingi na ndugu aliye hai. Ndugu huyo hukatwa hadi asilimia 60 ya ini lake, nalo huota tena. Siku mbili tatu za mwanzo INR yake hupanda. Kama aliwekewa mpira mwembamba mgongoni wa kupitishia dawa ya maumivu, hauchomolewi mpaka damu ipimwe, maana kuvuja kidogo karibu na uti wa mgongo kunaweza kumpooza miguu. Siku hizohizo anaweza kupata bonge la damu mguuni, na mzima alikuja akitembea.

Ndugu msomaji, siku ukiandikiwa upasuaji wowote, jioni ya kuamkia siku hiyo atakuja mtu kitandani kwako na karatasi. Atakuuliza unatumia dawa gani, mitishamba ipi, pombe kiasi gani, kama uliwahi kuwa na macho ya manjano, kama jino liling'olewa ukavuja hadi asubuhi, kama kuna aliyefia usingizini katika ukoo wenu. Huyo ndiye atakayeishika damu yako kesho. Mwambie yote, hata lile la aibu, na ile chupa ya dawa ya kienyeji iliyofichwa chini ya mto mtolee aione.